Konzi Alizomsukumia Wifi Yake

Mama Mkaa anasema aliyaona kwa macho yake mawili, na kama angekuwa na la tatu nalo lingetoa ushahidi. Anasema asubuhi ile, wanawake wote wakiwa wamesimama mbele ya geti la kiwanda cha kahawa wakisubiri kusomewa majina, yeye alikuwa nyuma ya ukuta anakung'uta magunia yake. Ndipo akamwona Polepole akipita mlango wa nyuma na kuku kwapani. Kuku amefunikwa mtandio, mkia uko nje. Akaingia ofisini kwa meneja na kuku, akatoka mikono mitupu. Kidogo tu, majina yakaanza kusomwa, na la kwanza kabisa likawa la Polepole.

Mama Mkaa aliisimulia habari hiyo akiwa juu ya kigoda chake, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko, na kila alipoirudia kuku alizidi kunenepa. Asubuhi alikuwa tetea. Kufika mchana akawa jogoo. Jioni, ilipomfikia Darubini aliyekuja kununua mkaa, jogoo alikuwa amewika humo humo ofisini na meneja amembana mdomo kwa kiganja.

"Kuku wenyewe ni wa kwenu," Mama Mkaa alimwambia. "Nenda kaangalie bandani."

Darubini hakuwa na haja ya kwenda kuangalia. Nyumbani kwao hapakuwa na banda. Palikuwa na tetea mmoja mweupe, naye alikuwa amelalia mayai chini ya kitanda cha mama, hatoki ila kunywa maji. Neno moja tu la Darubini lingeiua ile hadithi pale pale kwenye vumbi la mkaa. Neno lenyewe lilimfika ncha ya ulimi. Akalimeza.

"Alikuwa wa rangi gani?" akauliza.

"Mwekundu," alisema Mama Mkaa bila kupepesa macho.

"Basi ndiye huyo," alisema Darubini, akajitwika kikapu chake akaenda zake.

Polepole alikuwa wifi yake, mke wa kaka yake, na walikaa nyumba moja: mama katika chumba cha mbele, kaka na mkewe na mtoto wao mchanga katika cha nyuma, na Darubini, ambaye ndoa yake ilimshinda akarudi kwa mama, akilala sebuleni kwenye mkeka aliokunja kila alfajiri. Majina yao ya Darubini na Polepole walipewa kiwandani, kwenye ukumbi wa kuchambulia, na kila mmoja lilimkaa kama nguo ya kupimiwa. Darubini aliona punje mbovu kabla haijatulia mezani. Polepole aliitazama punje, akaigeuza, akaitazama tena, utadhani anataka kuiposa.

Kazi ya ukumbini haikuwa na siri. Meza ndefu, wanawake pande zote mbili, kahawa iliyokobolewa imemwagwa mbele ya kila mmoja. Nyeusi tupa, iliyotobolewa na wadudu tupa, iliyovunjika tupa. Nzuri sukuma kwenye tundu lako la mezani, inaanguka ndani ya gunia lako, jioni nyapara anapima. Asiyefikisha kipimo leo na kesho, keshokutwa kiti chake kina mtu mwingine.

Punje ngumu kutambua ilikuwa moja tu, na wanawake waliiita mnafiki. Mnafiki usoni ni mzuri kama wenzake, ila ana mng'ao kidogo, kama ameguswa na mkono wenye mafuta, na ukimkwaruza kwa kucha ananuka kuoza. Mnafiki mmoja akipita anaharibu birika zima. Wengi walijifunza kumjua baada ya misimu mingi. Polepole hakujifunza, kwa sababu hakuhitaji. Kiti chake kilikuwa ubavuni mwa Darubini, na Darubini alikuwa akipeleka mkono wa kushoto kwenye fungu la wifi yake, akimchomoa mnafiki na kumtupa, huku maongezi yakiendelea ya nani kanunua nini na nani kamkimbia nani.

Na zaidi ya hapo kulikuwa na kubebana. Nani aliianza ada hiyo hakuna aliyejua, waliikuta. Mwenye mimba nzito, mwenye msiba, aliyeamka na homa, meza nzima ilimbeba. Kila mmoja kwa zamu alisukuma konzi moja ya kahawa yake safi ikateleza kando ya meza mpaka kwenye tundu la mwenzake. Leo tunambeba fulani, ndivyo walivyosema, na nyapara, mzee waliyemwita Baba Filimbi kwa sababu ya ile filimbi ya shingoni, aligeukia dirishani kupiga chafya ambayo haikuwapo.

Sasa, msimu uliopita walikuja watu na ngazi. Juu ya kila kiti wakafunga kijisanduku cheusi chenye kioo. Meneja akaeleza kwamba mashine inakuja, na kabla haijaja lazima isome kazi kwa wanaoijua. Maneno yenyewe yalikuwa hayo, wala hakuwaficha. Lakini wanawake walitoka pale wamesikia kitu kingine, maana katika maisha yao kamera ilikuwa ya kukamatia wezi, na mwizi hutambuliwa kwa uso. Wakakubaliana: nyuso tuzitunze. Kuanzia siku hiyo ukumbi ulijaa nyuso za msibani, macho chini, midomo imefungwa, hata aliyechekeshwa alichekea tumboni. Mikono wakaiacha iendelee na mambo yake.

Huo ndio msimu Polepole alikuwa mjamzito. Miguu ilimvimba mpaka akawa anakuja na viatu vya mumewe. Meza ikambeba. Akajifungua, akarudi mapema kuliko inavyofaa, anasinzia ameshika punje mkononi. Meza ikazidi kumbeba. Na aliyembeba kuliko wote ni Darubini, aliyekuwa karibu. Kuna siku konzi nzuri alizompa zilikuwa nyingi kuliko alizojiachia mwenyewe. Alifanya hivyo kwa mapenzi, hilo lazima lisemwe. Mtoto aliyezaliwa alikuwa akimwita wake.

Mashine ilipokuja ukuta wa ukumbi ulibomolewa ipate kuingia. Meza zikatolewa nje zikarundikwa kwenye mvua. Kahawa sasa ilishuka kama maporomoko mbele ya vioo, na kila punje mbovu ilipulizwa na kijiupepo ikatupwa pembeni kabla hujasema a. Zile chache ambazo mashine ilizitilia shaka zilitoka kwa mkanda wa nyuma, mkiani, na huko palihitajika mtu wa kuzitazama. Viti vya mkiani vilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Asubuhi ya majina, Baba Filimbi ndiye aliyesoma, na ilikuwa kazi yake ya mwisho, maana mashine haihitaji filimbi. Meneja alisimama kando yake akasema hakuna aliyependelewa. Mashine yenyewe imetazama kazi ya kila kiti msimu mzima, na imechagua viti vilivyotoa kahawa safi kwa wingi. Ndipo likasomwa jina la Polepole. Wanawake wakacheka, wakadhani mzee kakosea mstari. Akarudia. La Darubini halikusomwa, hata kwa bahati mbaya.

Darubini alielewa akiwa amesimama pale pale, jua halijapanda. Aliutazama mkono wake wa kushoto. Kile kioo hakikuwa na habari na sura ya mtu. Kilitazama matundu.

Baada ya hapo mtaa ulianza kukauka kuanzia getini kuja nje. Bibi aliyekuwa akilea watoto wa wachambuzi alibaki na mikeka mitupu. Msusi wa nyungo alizipanga nyungo zake barazani wiki baada ya wiki mpaka paka wakazifanya vitanda. Aliyekuwa anauza chai ya saa nne alihamisha jiko lake, akarudi, akalihamisha tena, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mama Mkaa alikuwa akiuza gunia likaisha kabla ya jua kuzama. Sasa alikaa nalo mpaka vumbi lake likamwingia kwenye mikunjo ya shingo. Kaka yake Darubini, kuli wa kubeba magunia, naye mkanda wa kusafirishia magunia ulimchukulia kazi ya mgongo wake. Alikwenda kutafuta kazi ya ujenzi mbali, akawa anapiga simu ambazo zilikuwa na ukimya mwingi kuliko maneno.

Ajabu ni kwamba malori yaliongezeka. Kahawa ya miji jirani, iliyokuwa ikichambuliwa huko huko na wanawake wa huko, sasa ilikuja kumiminwa kwenye mashine moja. Kwa hiyo kumbi za huko nazo zilikuwa zimefungwa, na huko nako bila shaka palikuwa na akina Darubini na akina Mama Mkaa. Malori yalipita mtaani bila kusimama, yakaacha vumbi kama salamu.

Na nyumba ile ilikula jasho la nani? La Polepole. Hapo ndipo palipouma. Darubini angeweza kumchukia wifi yake kwa raha zake kama angekuwa na sahani yake mwenyewe. Lakini kila tonge alilomeza lilikuwa la Polepole, na chuki inayoshushwa kwa chakula cha huyo huyo unayemchukia haikai tumboni, inapanda juu.

Ikapanda kwa mdomo. Hawakugombana, watu wazima hao. Walipigana vijembe, na vijembe vyenyewe vilipitia kwa tetea mweupe na kwa mtoto, kwa kuwa hao hawajibu.

"We kuku," Darubini alimwambia tetea akimwagia pumba, Polepole akiwa mlangoni anavaa viatu vya kazi, "kula, mwaya. Shukrani ya punda ni teke, ya kwako ni mayai. Afadhali wewe."

Polepole alimnyanyua mtoto, akamtazama machoni. "Mwanangu, ukikua usiwe na maneno. Mwenye maneno mengi hana kazi."

Akamkabidhi Darubini mtoto, maana mama ana jiko na mwingine wa kumlea hakuna, akaondoka. Mama yao, aliyekuwa akichochea moto, alisema tu kwamba moshi wa leo umezidi. Alikuwa mama wa mmoja na mkwe wa mwingine, na chungu kilikuwa kimoja.

Basi wanawake walioachwa wakakutana kwa msusi wa nyungo. Wakasema haiwezekani. Watu waje na mashine, sawa. Lakini ichague vilema iwaache wazima? Wakamteua Darubini aende kuwasemea, na wao wamsindikize. Walitaka aseme wazi yale ya kubebana, ili uchaguzi urudiwe na kila mtu apimwe kwa mkono wake. Darubini hakukataa. Moyoni alikuwa ameshaliandaa lile neno, amelinoa, anajua litamkata nani.

Meneja hakuwapokea. Aliyewapokea ni fundi wa mashine, dada mmoja aliyevaa vizibo vya masikio shingoni kama shanga, mwenye sauti ya taratibu. Aliwaita mama zangu, akawaletea benchi. Akaeleza tena vile mashine ilivyotazama, wala hakujivuna. Alipomaliza, wenzake wakamsukuma Darubini kwa viwiko.

"Na kama kahawa ya mtu iliingia tundu la mwenzake?" Darubini aliuliza.

Fundi aliinuka. Akarudishia mlango, akakaa.

"Dada yangu, hilo ni swali au ni taarifa?"

Akaendelea mwenyewe. Kama ni swali, jibu lake ni kwamba mashine haiwezi kujua. Kama ni taarifa, atamwita meneja, na meneja atataka kujua nani alimpa nani. Aliyepokea atatoka leo. Aliyetoa hatarudi, kwa kuwa atakuwa amekiri kuchezea kipimo. "Na kile kiti hatutamtafutia mtu," alisema. "Tutakifunga. Makao makuu wanauliza kila mwezi kwa nini bado tuna watu mkiani. Viti vile ni vya majaribio, mama zangu. Sitawadanganya."

Nje mashine ilikuwa ikinguruma, na sakafu ya ofisi ilitetemeka mpaka kwenye nyayo. Wanawake wote walimtazama Darubini. Yule msusi alisema kwa sauti ya chini, sema. Bora wote tukose. Na Darubini alikiona kile kiti mbele yake, kitupu, hakimfai mtu. Akaiona sahani ya mama yake. Akamwona na Polepole akirudi nyumbani mchana kweupe, uso umemshuka, na hilo, Mungu amsamehe, lilimpa utamu. Aliuacha ule utamu ukae ulimini kidogo.

"Ni swali tu," alisema.

Huko nje hakubaki na rafiki. Walimwambia kaisaliti meza. Walimwambia anamlinda wifi yake kwa sababu anakula kwake, na mbwa haubwekei mkono unaomtupia mfupa. Darubini alijaribu kuwaeleza kwamba hakuna kiti ambacho kingerudi, na wao walikuwa wamesikia kwa masikio yao, lakini mtu mwenye njaa hasikii hesabu. Msusi wa nyungo alitema mate, si miguuni pake, ila karibu na hapo.

Kabla hajafika nyumbani hadithi ya Mama Mkaa ilikuwa imeshapata mkia mpya. Sasa ilikuwa kwamba kuku hakuwa wa Polepole peke yake. Kuku alitumwa na Darubini. Walipanga wote wawili, mtu na wifi yake, mmoja aingie kazini na mwingine akae nyumbani ale. Ushahidi? Darubini mwenyewe alikiri. Aliambiwa rangi, akasema ndiye huyo. Mama Mkaa alimwona akipita, akanyanyua sauti makusudi kumwambia mteja ambaye hakuwapo kwamba siku hizi kuku wekundu wana bei.

Darubini alisimama. Angesema nini? Kwamba kuku wao ni mweupe? Basi kwa nini alisema mwekundu ndiye? Akaendelea na safari.

Siku zilizofuata hakuna aliyemwitikia salamu. Kisimani ndoo zilisogezwa mbele yake. Yule bibi wa watoto alimpokonya kijukuu chake kilichokuwa kimemkimbilia. Darubini alibeba maji yake, alimbembeleza mtoto wa wifi yake, na chuki yote aliyoipata nje aliileta ndani akamwekea Polepole. Hata vijembe viliisha. Tetea alikuwa ametotoa, na hakuna aliyemwambia kitu.

Jioni moja, jua bado liko kwenye bati, Polepole alirudi akiwa ametembea haraka, jambo ambalo si lake. Hakwenda kumnyonyesha mtoto. Alivuta kigoda akaketi mbele ya Darubini, aliyekuwa kwenye mkeka na mtoto mapajani, akachukua ungo uliokuwa ukutani akauweka katikati yao. Kisha akafungua kilemba. Kahawa ikamwagika kutoka kwenye nywele, punje kama konzi moja, nyingine zikabaki zimenasa kwenye misuko, akazitoa moja moja. Mlinzi wa getini hupapasa mifuko na matiti. Kichwani hajafika.

Mama aliyekuwa jikoni alisimama na mwiko mkononi.

Polepole alisema wamemkuta amepitisha wanafiki. Si mara moja. Mzigo umerudishwa, na kesho mchana fundi atakuja na meneja wakae nyuma yake wamtazame. Akishindwa, kiti kinafungwa. Alilisema hilo akitazama ungo.

"Sijui kumtambua," alisema. "Sikuwahi kujua. Nilikuwa naona tu mkono wako unapita, nikafikiri ndiyo kazi ilivyo."

Polepole aliuvuta ungo karibu na mkeka.

"La kuku nimelisikia tangu siku ya kwanza. Na nani aliitikia kuwa ni mwekundu, nalo nimelisikia." Alinyoosha kidole, akaitawanya kahawa kwenye ungo iwe tabaka moja, vibaya, kama anavyofanya siku zote. "Sikuombi unipende, wifi. Hata mimi sikupendi. Naomba unionyeshe."

Mwanga wa jioni ulikuwa unaingia kwa ubavu, mwanga mzuri kuliko wote wa kuchambulia. Darubini alikuwa ameshamwona mnafiki wa kwanza kabla kahawa haijatulia, na wa pili karibu na ukingo, na wengine watatu wakiwa wamelala pamoja kama ndugu. Waling'aa. Mtoto alijinyoosha kutoka mapajani mwake kutaka kuzishika zile punje, akamrudisha kwa goti. Mikono yake yote miwili alikuwa ameikalia. Vifaranga walikuja kuona kuna nini kwenye ungo, na mama yao mweupe nyuma yao.

"Wifi," Polepole alisema tena.

Jikoni chungu kilianza kufurika, na hakuna aliyeinuka kukiepua.